Neno moja kwetu, matatu kwao: namna ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana

Binti wa jirani yangu aliniletea barua ya maombi ya chuo niipitie kabla hajaituma Uingereza. Barua ilikuwa safi, ila aya ya tatu ilinifanya niweke kikombe cha chai chini. Alikuwa anaeleza kwa nini alichelewa kumaliza masomo: anamlea bibi yake, na bibi, kwa maneno yake, "is on drugs since 2015". Bibi mwenyewe namfahamu. Anameza dawa za presha kila asubuhi baada ya uji. Kwa msomaji wa kule, sentensi ile imeshamgeuza teja.

Nikamuuliza neno lile kalitoa wapi. Kwenye kamusi, akajibu, na kweli hakudanganya. Ukitafuta "dawa" utapewa "medicine", "drug", "medication", zimepangwa kama ndugu wa tumbo moja, tenganisha mwenyewe. Kilichomponza hasa ni neno letu, "dawa". Kiswahili kinaita dawa kidonge cha presha, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mganga, hata dawa za kulevya. Sisi tunatofautisha kwa neno linalofuata. Kiingereza kinakipa kila kimoja jina lake, na ukilikosea jina hakuna neno la pili la kukuokoa.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, na kwa miaka yote niliyosahihisha Kiingereza cha Waswahili wenzangu nimeona kwamba hatukosei ovyo. Tunakosea palepale ambapo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili au matano. Jambo ambalo shuleni hatukuambiwa ni kwamba dawa ya kosa hilo, mara nyingi, imo humo humo ndani ya Kiswahili. Hatua zifuatazo ndizo ninazotumia mwenyewe ninapokwama.

Hatua ya 1: Anza na neno la Kiswahili

Chukua daftari. Katikati ya ukurasa usiandike maneno ya Kiingereza yanayokuchanganya. Andika neno la Kiswahili lililoyagandisha pamoja. Tulishike moja, "mgeni". Sasa andika sentensi ambazo watu huzisema kweli:

Leo tuna mgeni, ongeza wali.
Wageni wanaruhusiwa wodini saa kumi jioni.
Usimfungulie mlango mtu mgeni.
Wanafunzi wa kigeni hulipa ada zaidi.
Samahani, mimi mgeni hapa, kituo cha daladala kiko wapi?

Ya kwanza ni "guest", maana umemkaribisha au unamhudumia. Ya pili ni "visitor": amekuja, ataondoka, na hakuna aliyemwandalia chakula. Ya tatu ni "stranger", mtu usiyemjua, hata kama kazaliwa mtaa wa pili. Ya nne ni "foreign", na mwanafunzi mmoja mmoja ni "foreigner", mtu wa nchi nyingine. Ya tano inakushangaza, kwa sababu unaweza kusema "I'm a stranger here" ukijizungumzia mwenyewe, ingawa siku hizi wengi husema tu "I'm new here". Mgeni rasmi wa mahafali ni "guest of honour", wala si "official visitor" kama nilivyowahi kuona kwenye kadi ya mwaliko. Anayelala hotelini ni "guest" japokuwa analipa, kwa kuwa anahudumiwa. Anayeingia makumbusho ni "visitor".

Ukitaka kupima kama umeelewa, chukua methali. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huyo ni yupi? Ni "guest", na utamu wote wa methali uko hapo: siku ya tatu anaacha kuwa "guest". Ukiweka "stranger" unapata watu wanaomkabidhi jembe mtu wasiyemjua.

Kumbuka pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa yote kwa wakati mmoja. Mkweo aliyevuka mpaka kutoka Mombasa kuja kula Idi kwako Tanga ni "guest" mezani, na kwa pasipoti ni "foreigner". Maneno yote mawili ni ya kweli, lakini ukimwita hilo la pili huku anakula pilau yako umemtukana.

Hatua ya 2: Uliza nani anatoa na nani anapokea

Hapa Kiswahili kimetuzidishia utajiri. Kiingereza kinabadilisha neno zima pale ambapo sisi tunaongeza au kubadilisha herufi chache tu mwishoni mwa kitenzi.

Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kuona ni "see", kuonyesha ni "show". Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Kila unapoona maneno mawili ya Kiingereza yanakukanganya, jaribu kwanza kuyawekea kauli ya kutendesha upande mmoja. Ikikubali, tatizo limekwisha.

Basi kwa nini watu wanachanganya "borrow" na "lend" kila siku? Kwa sababu wanapofikiri hawafikirii kukopa, wanafikiria kuazima. Na kuazima kunaelekea pande zote mbili. "Nimeazima kitabu maktaba", na pia "niazime kitabu chako". Ndipo mtu anaandika "Borrow me your book". Dawa yake: kabla hujaandika, badilisha azima iwe kopa au kopesha, hata kama ni kalamu na si fedha. "Nikopeshe kalamu" inasikika kama mzaha, lakini imeshakuonyesha njia, "Lend me a pen".

"Remember me to buy sugar" nayo nimeikuta mara nyingi kwenye simu za watu. Ubaya wake ni kwamba nusu ya kwanza ina maana yake kamili. "Remember me to your mother" ni kusema nisalimie mama. Ukitaka kukumbushwa sukari, ni "remind me".

Jozi mbili zinazowatoa jasho hata Waingereza wenyewe ni "rise" na "raise", "lie" na "lay". Kwetu ni rahisi kuliko kwao. Kuinuka ni "rise", kuinua ni "raise": jua "rises", mwanafunzi "raises" mkono, bei "rise" zenyewe lakini mwenye duka "raises" bei. Kulala au kujilaza ni "lie", kulaza ni "lay". Tatizo la "lie" liko kwenye wakati uliopita: nililala ni "I lay", nilimlaza mtoto ni "I laid the baby down". Yaani "lay" hiyo hiyo inacheza timu mbili. Na "lie" ya kudanganya ni ya tatu, yenyewe huwa "lied". Ukikosea hapo usijilaumu sana.

Sasa kauli ya kutendea. Kuiba ni "steal", na kinachofuata ni kitu. Kumwibia mtu ni "rob", na kinachofuata ni mtu au mahali, kama benki. Ukienda kituoni ukasema "I was stolen", umeripoti kwamba uliyetoroshwa ni wewe. Sema "I was robbed", au taja kitu: "My phone was stolen". Vivyo hivyo kusema ni "say" na kuambia ni "tell". Kitenzi ambia hakikubali kukaa bila mtu. Huwezi "kuambia" hewani, lazima uniambie, umwambie, atuambie. "Tell" ina tabia hiyo hiyo, ukiacha misemo michache kama "tell the truth". Kwa hiyo "He said me" inaanguka kwa sababu ileile ambayo "alinisema" ina maana nyingine kabisa kwetu, kwamba alinisengenya au alinigombeza.

Kusikia na kusikiliza, "hear" na "listen". Kuona na kutazama, "see" na "look". Hizo zinalingana, zisikupotezee muda. Jihadhari tu na kusikia kunakovuka mipaka: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Kwao sikio linasikia sauti tu. Mengine ni "feel" na "smell".

Hatua ya 3: Chora mpaka wa neno

Yapo maneno ambayo viambishi haviyasaidii. Hapo tafuta mstari ambapo neno moja linaishia na la pili linaanzia. Wakati mwingine mstari huo unaonekana kwa macho. Mkono wetu unaanzia begani hadi ncha za vidole. Wao wanaukata kwenye kifundo, juu ni "arm", chini ni "hand". Mguu hali kadhalika, "leg" na "foot". Kwenye fomu ya hospitali nje ya nchi tofauti hiyo ndiyo inayoamua wakupige eksirei wapi.

Wakati mwingine mstari uko ndani ya muda. "Mpaka" ni neno letu moja, nao wana "until" na "by". Ofisi iko wazi mpaka saa kumi: jambo linaendelea, halafu linakoma, basi ni "until four". Leta fomu mpaka Ijumaa: jambo hutokea mara moja, muda wowote kabla ya kikomo, basi ni "by Friday". Kipimo changu ni kuweka "si zaidi ya" mahali pa "mpaka". Leta fomu si zaidi ya Ijumaa, imekaa vizuri, ni "by". "Nitakaa Dodoma si zaidi ya Ijumaa" inapinda, ni "until". Mkandarasi akiandikiwa alipwe "until" tarehe fulani badala ya "by", ana haki ya kuuliza kama atalipwa kila siku hadi siku hiyo.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni "safety" na "security", kwa sababu zote ni usalama. Usalama barabarani ni "road safety". Usalama wa taifa ni "national security". Tofauti ni adui. Hatari ikitokana na ajali, moto, mashine au uzembe, hiyo ni "safety". Ikitokana na mtu mwenye nia mbaya, ni "security". Safari moja ya ndege inakupa zote mbili: wanaopekua begi lako na kukuvulisha mkanda wa suruali ni watu wa "security", mhudumu anayesimama katikati ya ndege kukuonyesha namna ya kufunga mkanda wa kiti na kuvaa boya anatoa maelezo ya "safety".

Kodi inahitaji uangalifu wa pekee kwa Watanzania, maana tunalipa kodi kwa mwenye nyumba na kodi kwa serikali. Ya kwanza ni "rent", ya pili ni "tax". Mfanyakazi aliyemwandikia bosi wake Mzungu kwamba anaomba mkopo kwa sababu "I have not paid my tax for three months" alikuwa anadaiwa chumba, na badala ya mkopo alipewa ushauri wa kisheria. Ndugu zake kodi wala hawasumbui, kwa kuwa nasi tunayatenga: ushuru wa forodha ni "duty", ada ni "fee", faini ni "fine", na tozo, kama ile ya miamala ya simu iliyoanza 2021, huitwa "levy".

Halafu kuna pole. Unatembea na mgeni kutoka London, anajikwaa, nawe unasema haraka, "Sorry!" Anakutazama, anakujibu kwamba si kosa lako. Wewe ulisema pole, yeye kasikia samahani. "Sorry" yao hubeba yote mawili, ila kwenye mambo madogo kama kujikwaa wao huisikia upande wa samahani. Kwenye msiba inageuka: "I'm sorry for your loss" ni pole kamili. Aliyejikwaa umuulize tu, "Are you all right?" Kusema kweli hapa nadhani wao ndio waliopungukiwa. Lugha isiyo na neno la kumpa pole mtu anayefanya kazi juani imekosa kitu. Na si hapo tu: wanalo "rice" moja kwa mpunga, mchele na wali, na "uncle" mmoja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Siku ukitafsiri kwenda upande huo, kuhangaika ni zamu yao.

Hatua ya 4: Jaribu kuhesabu

Hii ni fupi. Weka "mbili" au "tatu" mbele ya neno. Kwetu tunahesabu karibu kila kitu: kazi mbili, safari tatu, ushauri mmoja, taarifa nyingi. Kiingereza kina jozi ambamo neno moja linahesabika na lingine linakataa. "Job" huhesabika, "work" ikimaanisha ajira haihesabiki. Ndiyo maana "I got a work" ni kosa. "Trip" huhesabika, "travel" hapana. "Suggestion" huhesabika, "advice" hapana, na "advices" unayoiona kwenye barua za ofisini ifute bila huruma. "Information", "furniture" na "equipment" hazipokei herufi s.

Hapa kamusi ya kawaida ya lugha mbili haikusaidii. Tafuta kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ile maarufu ya Oxford ilianzia Japani, ambako mwalimu A. S. Hornby alikuwa akifundisha. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa 1948. Ilitengenezwa kwa watu kama sisi, wasiozaliwa na lugha ile, na matoleo yake ya sasa huweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Herufi hizo watu wengi huziruka.

Hatua ya 5: Nusa neno

Kunuka na kunukia. Herufi moja tu, na hakuna Mswahili anayeweza kumwambia mama mkwe kwamba mchuzi wake unanuka. Maneno ya Kiingereza yana harufu vilevile, isipokuwa haiko kwenye herufi. Iko kwenye mazoea, nawe unatakiwa uinuse.

Mwembamba: "slim" inanukia, "thin" iko katikati, "skinny" mara nyingi inanuka. Mtu anayejulikana: "famous" inanukia, "notorious" inanuka, ni kwa jambazi sugu na tapeli. Nimesoma wasifu wa mchungaji ulioanza na "a notorious preacher", na aliyeuandika alikusudia sifa. Ya kitoto: "childlike" ni moyo mweupe, "childish" ni utovu wa akili kwa mtu mzima. Na "you have become fat", ambayo bibi zetu waliisema kwa furaha, kwamba umependeza, maisha yamekukubali, usiithubutu kabisa.

Harufu hujificha hata kwenye vijineno. "Few friends" na "a few friends" zote ni marafiki wachache. Ya kwanza inasikitika, ya pili inaridhika. Kwetu tofauti hiyo ipo, tunaijenga kwa mpangilio: "pesa ni kidogo" ni "little money", "pesa kidogo ipo" ni "a little money". Mwenye deni lako anajua vizuri ipi kati ya hizo inamfanya avute kiti akae.

Hatua ya 6: Angalia cheo cha neno

Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa walizungumza Kifaransa huku wakulima wakibaki na Kiingereza chao. Matokeo yake lugha ina ngazi. Mnyama akiwa zizini ana jina la kienyeji, "cow", "pig", "sheep". Akifika mezani ana jina lililotoka Kifaransa, "beef", "pork", "mutton". Vivyo hivyo "begin" na "commence", "ask" na "inquire". Maana ni ileile au karibu sana, cheo kinatofautiana. Shida yetu ni kudhani cheo cha juu ndicho Kiingereza kizuri. Barua iliyojaa "commence" na "endeavour" inasomeka kama mtu aliyevaa suti kwenda sokoni.

Usihamishe vyeo vya Kiswahili moja kwa moja pia. Sisi mzee hafi, anafariki. Anayekufa ni kuku. Basi tunaikwepa "die" tukiogopa kukosa adabu, tunaandika "passed away" hata kwenye taarifa rasmi. Lakini tarehe 8 Septemba 2022, kasri la Uingereza lilipotangaza msiba wa Malkia Elizabeth II, taarifa yao ilitumia "died". Kwao "die" haina ukali wa "kufa". "Pass away" ni ya kumfariji mfiwa ana kwa ana.

Hatua ya 7: Rudisha sentensi nyumbani

Ukishaandika, itafsiri sentensi yako kurudi Kiswahili kwa sharti moja: neno la Kiswahili lililokuletea utata halitumiki. Bila "mgeni", bila "dawa", bila "mpaka". Ukishindwa, bado hujajua ulichoandika. Jaribu na hizi, kila moja ina neno moja la kubadilisha:

"Can you borrow me 10,000 shillings until Monday?"
"Please send the report until Thursday."
"Workers must wear helmets for their security."
"Remember me to call the plumber."
"She gave me three advices."

Ya kwanza ni "lend", kwa sababu ni kukopesha. "Until" yake iko sawa, mkopo unaendelea hadi Jumatatu. Ya pili ni "by". Ya tatu ni "safety", labda kama anayewarushia mawe yupo. Ya nne ni "remind". Ya tano ni "suggestions", au uiache "advice" bila idadi.

Binti wa jirani nilimpa sharti hilohilo: mweleze bibi yako bila neno "dawa". Akafikiri, akasema, "Anatibiwa presha." Tukaandika "has been on medication for high blood pressure since 2015", na hiyo "has been" tuliipata bure, kwa sababu "tangu" inaitaka. Bibi alipotafsiriwa toleo la kwanza alicheka hadi akapaliwa uji, kisha akauliza kama hao Wazungu walishalisoma.